Mbodze Aliyetaka Kulifukia Shimo la Ngozi

Huyu ni Lorna Mbodze, binti Charo wa Kiti wa Baya. Baya ndiye aliyetoka kusini na mke mmoja na shoka moja, akafyeka kichaka ng'ambo ya kijiji cha Chara mahali ambapo watu walimwambia hapalimiki, kisha akaja akawauzia mpunga wale wale waliomcheka. Mwanawe Kiti alichimba mfereji kutoka mtoni kwa jembe la mkono. Mamba alimkata vidole vya mguu, akafunga kitambaa, akaendelea kuchimba. Charo wa Kiti, ndugu yangu mdogo niliyembeba mgongoni, alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kushika kazi ya mshahara. Alifanya kazi ya ngozi hapa Garsen, na ngozi ndiyo iliyomuua. Mbodze ni kifungua mimba wake. Amepewa jina la mama yetu, ndiyo maana mimi shangazi yake humwita mama, naye huniita mwanangu, na watu wasiotujua hubaki wakitutazama.

Kiwanda chenyewe ni mabati tu, nje kidogo ya mji, kimezungukwa na miti ya miiba ya mathenge. Kilijengwa na Muorma mmoja mfanyabiashara wa ng'ombe, babake Duba ambaye ndiye mwenyewe sasa. Ngozi huletwa pale zikiwa zimetiwa chumvi zisioze. Ili manyoya yatoke, hutumbukizwa ndani ya birika za saruji zenye chokaa na dawa kali wanayoiita salfaidi, nayo huyayeyusha manyoya yakawa kama uji wa kijivu. Maji machafu hutiririka hadi shimo kubwa la nyuma, na huko hukutana na maji ya tindikali yanayotoka kwenye hatua nyingine ya kazi. Yakikutana hutoa hewa inayonuka mayai viza. Wafanyakazi wana msemo wao: ukiisikia harufu, una nafasi, ukiacha kuisikia, panda juu. Maana hewa ile ikizidi huua pua kwanza, kisha mwenye pua.

Charo aliteremka shimoni kuzibua mfereji uliozibwa na manyoya. Hakupanda. Mbodze alikuwa kidato cha pili. Aliitwa kutoka darasani, akafika akakuta miguu ya babake inachungulia chini ya turubai.

Lililofuata lilikuwa baya kuliko mauti, nami nalikumbuka vizuri. Mkewe Charo, Everline, ni Mpokomo wa Kinakomba, na wapo watu wa upande wetu ambao hawakupenda ndoa ile tangu mwanzo. Hata arobaini haijafika wakaanza kunong'ona kwamba mwanamke huyu ana mkono mbaya, ni mchawi, amemla mume wake. Nyote mnajua mambo hayo huishia wapi kwetu. Siku moja vijana walikuja uani na mapanga mchana kweupe. Walinikuta mimi nimesimama mlangoni, wakazungumza zungumza, wakaondoka. Mbodze alikuwa nyuma yangu, ameshika leso yangu. Aliwatazama mmoja mmoja, na nyuso zile hakuzisahau.

Akasoma. Sekondari, kisha chuo kikuu Nairobi, kisha akaambiwa anaweza kuendelea na shahada ya uzamivu, ile inayomfanya mtu aitwe daktari bila kudunga sindano. Nilimuuliza anasomea nini. Alinipa kijiko cha wali mkavu. "Tafuna usimeze, mwanangu." Nikatafuna. Baada ya muda ule wali ukawa mtamu mdomoni.

"Mate yako yana kitu kinachoukata wali vipande vipande hadi unakuwa sukari," alisema. "Kinaitwa kimeng'enya. Viko aina nyingi, na kila kimoja kina chake kinachokata. Mimi natafuta kinachokata ule mshiko wa unywele kwenye ngozi. Nikikipata, hakuna salfaidi tena. Hakuna salfaidi, hakuna hewa ile. Shimo litafukiwa."

Hilo ndilo alilolitaka, wala hakulificha. Wenzake chuoni walisema wanataka viwanda visivyochafua mito, na yeye pia aliandika hivyo kwenye karatasi zake. Lakini Silas, kakake mdogo, alikuwa ameingia kiwandani pale pale alipofia baba yao, kwa kuwa mafuriko yalikuwa yamelala kwenye shamba misimu miwili mfululizo na kijana ameoa. Mbodze alimwambia kwa simu, mimi nikisikia, kwamba shimo lile litafukiwa kabla halijamchukua.

"Fanya haraka basi, dada," Silas alimjibu. "Mimi na hilo shimo tunaonana kila siku, na limeanza kuniamkua."

Haikuwa haraka. Alichukua tope nyuma ya kile kiwanda, chini ya mathenge, pale vipande vya ngozi vinapotupwa vikaoza, akalipeleka Nairobi kwenye chupa. Ndani ya tope mlikuwa na vijidudu vinavyotoa kimeng'enya cha kung'oa manyoya. Lakini kilikuwa mlafi, kikimaliza manyoya kinaanza ngozi yenyewe, inatoboka kama chekecheke. Tena kwenye chumvi kililegea. Ikambidi akifanye upya. Alinieleza kuwa ni kama fundi wa funguo: unakwaruza jino moja, unajaribu kitasa, hakifunguki, unarudi unakwaruza jino jingine. Kila jaribio lilikuwa kazi ya wiki nzima. Umeme ulipokatika maabara, wiki ilikufa. Wenzake walioanza naye wengine waliacha, mmoja akawa anauza nguo. Mwaka wa tatu alikuja nyumbani Krismasi, akalala siku zote za sikukuu ameelekea ukuta. Mama yake alidhani ana mimba. Afadhali ingekuwa mimba, mtoto huzaliwa.

Kisha kimeng'enya kikakubali: kikang'oa manyoya, kikaiacha ngozi nzima. Mwalimu wake, Daktari Beryl, alimruhusu aje akijaribu Garsen, kwenye ngozi halisi na jua halisi, na hilo ndilo lingekuwa jambo la mwisho katika masomo yake. Alifika mwaka jana, mafuriko yakiwa yameanza kushuka, na mitungi miwili ya plastiki yenye maji ya rangi ya chai.

Duba, ambaye sasa ndiye mwenye kiwanda baada ya babake, alimkaribisha kwa chai ya maziwa.

"Mbodze binti Charo," alimwambia, "hii uji yako itakula nywele peke yake, ama itakula na ngozi pia, halafu ikimaliza ikule mimi?"

"Itakula nywele tu, mzee. Wewe una chumvi nyingi, hutaliwa."

Duba alicheka, kisha akaacha kucheka. "Baba yako alikufa kwa baba yangu. Mimi sijasahau. Hii shimo hata mimi sipendi. Lakini ngozi ikiharibika, hawa watu watakula nini? Hewa?" Wakapatana: angempa ngozi za kujaza pipa moja la kuzungushia ngozi ndani ya dawa. Manyoya yakitoka, udongo unaletwa. Yasipotoka, kazi inarudi birikani, maana lori la mnunuzi lilikuwa linakuja Ijumaa.

Jioni hiyo tulikula pamoja nyumbani kwa Everline. Silas aliitazama mitungi iliyowekwa kivulini ndani, akafungua kifuniko, akafunga haraka.

"Dada, umesoma miaka yote hiyo uje na maji ya uji?"

"Nimekuja na kustaafu kwako."

"Basi nimestaafu. Tamar, mke wangu, niletee kiti."

"Kiti kifuate mwenyewe," Tamar alisema, "wastaafu wana miguu."

Everline ndiye aliyeuliza swali la maana. Aliuliza kama kitu kile hakitaharibika, maana hapa joto, na friji hakuna.

"Mama, hiki nimekifunza joto," Mbodze alijibu, na alikuwa na fahari, nani angemlaumu. "Vile vya Ulaya vingekufa hapa kabla ya saa nne asubuhi. Changu hakiogopi joto. Joto ndilo linalokipa nguvu."

Tulifurahi sote.

Sasa sikizeni. Wakati huo kipindupindu kilikuwa kimeshika vijiji vya chini. Majirani zetu wawili walizikwa wiki hiyo. Watu wa afya walipita nyumba kwa nyumba na kipaza sauti: chemsha maji ya kunywa, chemsha ya kuosha vyombo, chemsha ya kunawa. Nasi tulichemsha. Aliyekuwa hachemshi aliitwa muuaji. Kesho yake Mbodze alikwenda kiwandani kuosha pipa na kuziloweka ngozi chumvi itoke. Everline alibaki na ile mitungi miwili. Maji ya kahawia, yananuka, asili yake tope la pale pale alipokufa mume wake, na kesho mwanawe Silas atatia mikono humo. Naye amesikia kwa masikio yake kwamba hayaogopi joto. Alichukua sufuria kubwa la kupikia mazishini, akawasha kuni, akayachemsha yote mpaka yakapanda mapovu. Yalipopoa akayarudisha mitungini.

Mbodze alimimina maji yale pipani bila kujua. Alisema aliona yamekuwa meupe kidogo, akadhani machicha yametulia chini. Pipa likazungushwa. Asubuhi wafanyakazi wote walikuja kutazama. Silas akatoa ngozi ya kwanza, akaitandika juu ya gogo, akapitisha kisu butu cha kukwangulia. Manyoya yalikuwa yameshika kama siku ng'ombe alipozaliwa.

"Daktari wa manyoya," mmoja alisema, "hata mbuzi wangu angeramba akatoa zaidi."

Wakacheka, lakini si kicheko cha furaha. Wao pia walikuwa wamelitaka shimo lifukiwe.

Mbodze alikuja nyumbani mbio. Nilikuwepo, nachambua pojo.

"Mama, ile mitungi aliigusa nani?"

"Mimi," Everline alisema, na uso wake ulikuwa unang'aa. "Nimekuchemshia. Ulitoka utando mweupe kama ute wa yai, nikauchuja wote na leso safi. Silas hataugua kwa uzembe wangu."

Ule utando ndio uliokuwa kimeng'enya chenyewe, kazi ya Mbodze ya miaka yote ile. Mbodze alikaa kwenye kizingiti. Alitazama mikono ya mama yake, nami nikaona anatafuta neno na kulitupa.

"Asante, mama," alisema. Akainuka akarudi kiwandani.

Huko Duba alikuwa anamsubiri, na wafanyakazi wamesimama duara. Duba hakuwa na hasira. Alimuuliza mbele ya watu, "Kuna sababu? Kama kuna sababu, sema. Hizi ngozi nitatia chumvi tena. Mwenye lori nitamwambia angoje wiki."

Kutengeneza maji mengine kungechukua wiki. Neno moja tu lingetosha. Lakini Mbodze alitazama duara lile, na ndani yake, wamekuwa watu wazima sasa, wana watoto, walikuwamo wale waliosimama uani kwetu na mapanga. Aseme kwamba Everline, yule yule, ameichemsha kazi iliyokuwa iwaokoe? Wangelala na neno hilo, na wangeamka nalo.

"Hakuna sababu, mzee," alisema. "Kimeshindwa."

Duba alitikisa kichwa, akawaambia watu warudi birikani.

Sitamhukumu. Kwetu mtoto hamvui mama yake nguo mbele ya watu, na yeye alijua kuliko wengi nguo ile ikivuliwa huja nini. Alipanga moyoni mwake arudi Nairobi, aje tena na mitungi mingine, aombe upya. Alifunga mfuko wake. Basi lilikuwa la Ijumaa asubuhi.

Alhamisi, kwa kuwa lori linakuja na kazi imechelewa, dawa ilitiwa nyingi na maji yote yakaachiliwa kwa pamoja. Mfereji ukaziba. Silas akateremka na mti wa kuzibulia. Walisema aliimba kidogo huko chini, kama kawaida yake, kisha wimbo ukakatika katikati.

Mbodze alifika wakati wanaume wamesimama ukingoni hakuna anayethubutu, na walikuwa na haki, kwa maana anayemfuata mwenzake mle humfuata kabisa. Yeye alijifunga kamba kiunoni, akampa Duba ncha. "Nikianguka, vuta. Usiteremke." Akafunga leso yenye maji puani akateremka. Aliupata mkono wa Silas. Alimshika. Halafu akaanguka naye, na Duba akavuta, na kamba ilikuwa na mtu mmoja tu. Silas waliyemtoa baadaye kwa ndoana hakuwa na haja ya haraka.

Mbodze alilala hospitalini hajui aliko. Alipoamka alikuwa hasikii harufu ya kitu chochote, si sabuni, si samaki. Maneno humkimbia, anaanza sentensi kama mtu anayeingia chumbani akasahau alichofuata. Mikono hutetemeka. Daktari Beryl alisafiri kutoka Nairobi kuja kumwona, akamwambia nafasi yake chuoni ipo, na mbegu ya vile vijidudu imehifadhiwa kwenye barafu, haijapotea. Mbodze aliinua mkono wake wa kulia akaushikilia hewani mbele yake. Ulikuwa unatetemeka. Kazi ile ni ya matone madogo kuliko umande.

Tulimzika Silas kando ya babake. Kwenye hanga, matanga ya kwetu, wanawake tumelala chini uani na wanaume wamekaa kwenye viti vya kanisa, mchungaji alipomaliza kusoma, Everline alisimama. Hakuna aliyempa nafasi, aliichukua. Alikuwa amekwisha kusikia kutoka kwa Daktari Beryl, ambaye alimweleza kwa nia njema bila kujua, kwamba kimeng'enya kikichemka hufa kama yai.

"Maji ya Mbodze niliyachemsha mimi," alisema. "Yalikuwa mazima, niliyaua mimi. Mwanangu alijua akanisitiri, na kwa kunisitiri Silas akateremka. Mkitaka mtu, mtu ni huyu."

Wawili kati ya wale wa mapanga waliinuka. Mmoja alitema mate chini, wakaondoka. Wengine walibaki wamekaa. Sijui ni huruma au ni uchovu, na tangu siku hiyo mimi hulala nyumbani kwa Everline, na mlango naufunga mwenyewe.

Duba alikuwa amekuja kuomboleza. Alikwenda akachuchumaa mbele ya Mbodze.

"Kwa nini hukusema? Mimi ningengoja."

Mbodze aliwaonyesha wanaume kwa kidevu. "Wewe... ungengoja. Hao?"

Duba alijifunika uso na shuka lake.

Shimo mpaka leo halijafukiwa. Limefunikwa mabati na mawe juu. Ngozi zinarundikana ndani ya chumvi, wanaume wako nyumbani bila kazi, na njaa ikizidi mabati yataondolewa, kila mtu anajua hivyo, naye Duba amesema wazi kwamba hawezi kuwazuia zaidi ya mwezi huu. Daktari Beryl ametuma mitungi mingine miwili, na ngozi za kujaza pipa zipo.

Juzi Mbodze alimwita Tamar, mjane wa Silas, ambaye bado yuko ndani ya nguo nyeusi. Nilikuwa pembeni nakuna nazi. Alimpa kipimajoto cha kioo ambacho amekizungushia uzi mwekundu mahali pamoja, na mwiko mrefu.

"Wifi, mimi nimeishia kidato cha nne," Tamar alisema. "Tena nilipata D ya kemia."

"Una pua?"

"Ninayo."

"Basi... umenizidi." Akapumzika, akaendelea polepole, kila neno analishika kabla halijakimbia. "Yanuse yale maji kila asubuhi. Yanuke kama uji wa jana. Yakinuka nyama iliyooza, yamekufa. Na joto lisipite huu uzi. Chini yake yanafanya kazi. Juu yake yanakufa."

"Na mama akija jikoni?"

"Mkae naye. Sasa hivi Garsen nzima hakuna anayejua kuliko yeye kwamba hayachemshwi."

Everline, aliyekuwa mlangoni, alisikia. Alikuja akakaa kwenye mkeka kando ya Tamar, akakishika kile kipimajoto, akautazama uzi.

"Manyoya yakitoka," Mbodze alisema, "usiwaite watu washangilie. Mwite Duba alete udongo. Sepetu ya kwanza ni yako, ya mke wa Silas. Ya pili ni ya mama."

"Na yasipotoka?"

Mbodze alimsogezea Tamar ule mwiko.

"Sema sababu," alimwambia Tamar. "Hata ikimgusa nani, iseme mbele yao wote. Halafu uanze tena."